Nisome Kwanza

Faki Shaame kaondoka na mkoba mmoja,
kaenda Maskati kwa mjomba wake,
katuachia programu ya chama cha mwani:
mafaili arubaini na moja,
na faili la NISOME, tupu,
jeupe kama sahani iliyokwisha kulambwa.

Nimerithi nyumba isiyo baraza.
Naingilia wapi? Hodi napiga dirisha gani?
Hapa Wete, ghorofani, juu ya duka la vitasa,
feni yakata vipande hewa ileile,
na mwenyekiti wa chama kwenye simu:
"Wafadhili waja Jumatatu. Wataka maelezo."

Basi nikaipa mashine msimbo wote.
Nikaiambia: soma, uandike utangulizi.
Chai ya mchaichai haijapoa,
kurasa tano zimeshapangwa.

Karibu, yasema. Mradi huu ni mwepesi kutumia.
(Mwepesi! Mimi nimekesha nao siku tisa.)
Weka hiki, kisha kile, washa, subiri.
Sentensi zimepigwa pasi,
hakuna mkato uliopinda,
kama mgeni aliyejifunza salamu zote
na hajui nani mgonjwa humo ndani.

Sitaisingizia: imenisaidia.
Imenionyesha ghala lilipo, funguo zilipo,
kipi humwita kipi, kipi kimekufa zamani
na bado kimekalia kiti.
Ila kwenye faili la kumi na tisa
Faki ameandika bi_time,
na mashine, masikini, ikasoma Kizungu:
"Sehemu hii yashughulika na saa.
Yaongeza mbili. Sababu haijulikani.
Twapendekeza ifutwe."

Mbili za nini? Dakika? Siku?
Nikampigia Faki. Simu ikaita huko ng'ambo mpaka ikachoka.

Jumamosi nikaenda Kiuyu.
Bi Time binti Hamad alikuwa anatandaza mwani chanjani,
kidole cha shahada kakifunga kipande cha kanga.
Nikaifungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikamwonyesha jina lake.
"Hilo mimi?"
"Ndiwe."
Akafuta skrini kwa kiganja, kama kwamba jina lina mchanga.

"Mizani ile ya mwanzo ilikuwa mwizi.
N'kasema, n'kasema, hakuna aliyen'sikia.
N'kenda dukani kwa Mbarouk n'kakopa polo la unga,
kilo khamsini, uzi haujakatwa,
n'kalitundika mbele yao wote.
Arubaini na nane!
Yule kijana wenu hakusema neno.
Kafungua kidude kama hichi, kaandika, kaandika,
kisha kan'ambia: Bi Time, kila polo la Kiuyu
litarejeshewa mbili zake."

Nikapiga hesabu kimyakimya.
Mizani ile ilibadilishwa mwaka juzi.
Hii mpya haiibi, na mbili bado zaongezwa.
Nikamwambia kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja deni matangani.

Bi Time akageuza fungu la mwani, upande mbichi juu.
"Na ile miaka sita kabla ya unga,
mashine yako imeiandika ukurasa gani?"

Usiku, Wete. Umeme hakuna,
betri ina asilimia kumi na moja.
Zile kurasa tano nimeziacha zilivyo,
ila neno mwepesi nimelifuta.
Na juu kabisa, kabla ya Karibu,
nimeandika mwenyewe, kwa haraka, gizani:

Bi Time si saa. Ni mtu, anakaa Kiuyu.
Ukitaka kuzifuta mbili zake
mpelekee kwanza hesabu ya miaka sita,
na upige hodi.
Nenda asubuhi.
Gari ya mwisho kurudi Wete ni saa kumi.